Kufuga Sungusungu

Mwanadamu ni mfugaji kwa tabia yake. Hufuga ng'ombe kwa maziwa, kuku kwa mayai, mbwa kwa ulinzi, na njiwa kwa kufurahisha macho. Kila mfugo una sababu, na sababu hiyo jirani huiona bila ya kuuliza. Lakini mtu afugaye kiumbe asiyekamuliwa, asiyechinjwa, asiyebweka wala asiyependeza, hujiletea maswali mlangoni pake. Huulizwa na mke, huulizwa na wajukuu, huulizwa na wapita njia; na mwisho, asipokuwa mtu wa kujidanganya, hujiuliza mwenyewe. Habari hii ni ya mzee mmoja wa Morogoro aliyefuga sungusungu, na ya swali alilojiuliza.

Mzee huyo alikuwa dresa. Neno hili limeanza kusahauliwa katika vinywa vya vijana, lakini wazee walijua kuwa zahanati isiyo na dresa ilikuwa kama jiko lisilo na maji. Yeye ndiye aliyeosha vidonda, aliyekata nyama iliyokufa, aliyepaka dawa na kufunga bandeji. Daktari alipita kwa vipindi. Dresa alikuwapo kila siku. Mzee huyu alianza kazi mwaka 1978 na akastaafu mwaka 2016. Katika miaka hiyo yote alizoea kuandika katika daftari kila kidonda alichokiona: kilipatikana kwa nini, kilikuwa na usaha au hakikuwa, na kilipona siku gani. Alipostaafu, mikono yake ilikosa kazi, na daftari lilibaki na kurasa nyeupe. Mtu aliyezoea kutazama kwa makini hawezi kustaafu macho yake kwa barua ya mwajiri.

Asubuhi moja ya mwaka 2019 aliona mstari mweusi ukikata uwanja wa nyumba yake, chini ya milima ya Uluguru. Walikuwa chungu mamia kadhaa, wakubwa kwa wadogo, wakienda kwa mwendo wa haraka katika safu nyembamba, kama kamba inayovutwa na mtu asiyeonekana. Alipoigusa safu kwa kijiti, ilitoa sauti ya kukwaruza iliyosikika wazi, na harufu mbaya ikapanda. Baada ya muda safu ilirudi kwa njia ile ile, na safari hii wengi wao walikuwa wamebeba mchwa katika taya zao, wengine wamebeba watano au sita kwa pamoja. Jioni safu ilipita tena. Kesho yake ilipita tena. Mzee alivuta kigoda akakaa, na tangu siku ile hakuhesabiwa tena kuwa mtu asiye na kazi.

Watu wengi huita sungusungu chungu weusi waumao, bila ya kutenganisha aina moja na nyingine. Jina hilo lilipata heshima mpya mwanzoni mwa miaka ya 1980, vijiji vya Usukuma na Unyamwezi vilipounda vikundi vya kupambana na wezi wa ng'ombe, na vikundi hivyo vikaitwa Sungusungu kwa wingi wao, ukali wao, na umoja wao. Wataalamu humwita chungu wa mzee huyu Megaponera analis, jina lililotokana na maelezo ya Latreille ya mwaka 1802. Hupatikana katika sehemu kubwa ya Afrika iliyo kusini ya Sahara. Mkubwa wao hukaribia urefu wa sentimita mbili, na mwiba wake humfanya mtu mzima aruke. Chakula chake ni mchwa, na mchwa peke yake. Tena si mchwa wa kila namna, bali wale wajengao vichuguu na kulima kuvu ndani yake.

Kuwinda kwao kuna taratibu. Mpelelezi mmoja hutoka kutafuta mahali mchwa wanapokula chini ya majani makavu au gamba la udongo. Akipapata, huvichunguza vizuri bila ya kujionyesha, kisha hurudi nyumbani moja kwa moja, hata kama ni mwendo wa mita 50, na huwatoa wenzake baina ya 200 na 500. Wafikapo, wakubwa huvunja udongo, wadogo huingia na kuua, na baadaye wakubwa hubeba mateka. Safari kama hizo hufanywa mara tatu hadi tano kwa siku, asubuhi na tangu alasiri mpaka jioni. Ni vita kila siku, na vita havikosi majeruhi. Maana mchwa nao wana askari wenye vichwa vikubwa na taya kama mikasi, ambao hukata miguu ya adui au humng'ang'ania wasimwachie hata baada ya kufa.

Mzee alitamani kuyaona mambo hayo yaliyo chini ya ardhi. Mwezi wa Agosti mwaka ule alivaa gambuti na glavu, akachimba kichuguu kikuukuu walimokaa, akawachukua wote aliowaweza pamoja na mayai na vifuko vya watoto wao. Kwa hesabu yake walizidi 600. Aliwapata na malkia, ambaye hakumtambua upesi kwa sababu hana mabawa na hakupata kuwa nayo. Alifanana na kibarua mkubwa mwenye tumbo zito. Aliwaweka katika sanduku la mbao lenye kioo juu, na miguu ya meza akaitia katika makopo ya maji, kama wafanyavyo watu wengi kwa kabati la chakula.

Kisha akawalisha. Aliwapa nyama iliyokatwa vipande vidogo, aliwapa sukari, aliwapa ugali, aliwapa mende waliouawa kwa kandambili. Hawakugusa. Alidhani wana huzuni ya kuhamishwa, akangoja. Walihamisha watoto wao kutoka pembe hii ya sanduku kwenda pembe ile, kana kwamba ubaya ulikuwa katika pembe. Baada ya siku kumi walianza kufa, na katika wiki ya tano hakubaki hata mmoja. Jambo lililomchoma zaidi ni hili: kwa siku nyingi uwanjani pake hakuwaona wakibeba kitu kingine chochote ila mchwa, na mchwa walikuwa tele nyuma ya choo chake. Macho yalikuwa yameona, lakini mwenye macho hakuyauliza. Katika daftari aliandika kama alivyokuwa akiandika zahanati: “Wamekufa wote. Sababu: njaa. Mkosaji: mlinzi wao.” Akaligeuza sanduku, akaliweka darini.

Miaka mitano ilipita. Mwaka 2024 mjukuu wake, msichana aliyekuwa akisoma Chuo Kikuu cha Sokoine cha Kilimo, alikuja kumjulia hali. Baada ya shikamoo na marahaba alimkuta babu yake akitazama safu uwanjani, akamwambia, “Babu, hawa sasa wana sifa duniani. Umepata kusikia kuwa huuguza majeruhi wao?” Mzee alicheka. Kwa miaka 38 aliuguza majeruhi, na hakuwa tayari kumpa chungu cheo cha dresa kwa maneno ya mtoto.

Lakini msichana alisema kweli. Katika Hifadhi ya Taifa ya Comoé, nchini Côte d'Ivoire, mtafiti Erik Frank na wenzake walikuwa wamewachunguza sungusungu hao porini, na vile vile katika viota vya kutengenezwa vilivyounganishwa na uwanja mdogo wa kuwindia. Mwaka 2017 walitangaza kuwa baada ya vita majeruhi hubebwa kurudishwa nyumbani. Aliyekatwa mguu, au aliyeng'ang'aniwa na mchwa, hutoa harufu ya kuomba msaada kutoka katika tezi za taya, na wenzake huisikia. Kwa makadirio yao, uokozi huo huliwezesha kundi kuwa kubwa kwa karibu asilimia 29 kuliko ambavyo lingekuwa bila ya uokozi. Mwaka 2018 walionyesha kuwa nyumbani majeruhi huushikwa mguu uliokatika, ukanyanyuliwa, na jeraha likalambwa. Waliotengwa wasipate huduma walikufa asilimia 80 katika muda wa saa 24. Waliohudumiwa na wenzao kwa saa moja tu walikufa asilimia 10. Na mwaka 2023 ilielezwa jambo la kustaajabisha zaidi: chungu hao hutambua jeraha lililoingiwa na vijidudu na lisiloingiwa, na lile lililoingiwa hulipaka utomvu wa tezi iliyo ubavuni mwa kifua, wenye dawa ya kuua vijidudu. Dawa hiyo hupunguza vifo kwa karibu asilimia 90.

Mzee alisikiliza mpaka mwisho. Kisha alipanda darini akateremsha sanduku.

Safari hii alijitayarisha. Alitengeneza masanduku mawili: moja la kukaa, lenye giza na unyevu, moja pana la kuwindia, lililotandikwa udongo wa pale pale walipotoka, akayaunganisha kwa bomba fupi. Mchwa aliwatega kwa njia ijulikanayo na wafuga kuku wa bara: alijaza samadi kavu na mabua ya mahindi katika mtungi uliovunjika mdomo, akalowesha maji kidogo, akaupindua mtungi juu ya njia ya mchwa jioni, na asubuhi akaukuta umejaa. Mwezi wa Juni 2024 alichimba kundi la pili. Siku ya tatu alipomwaga mchwa katika sanduku la kuwindia, mpelelezi mmoja alipita katika bomba, akazunguka, akarudi ndani. Na baada ya dakika chache safu ilitoka, mfupi nyuma ya mrefu, kama walivyotoka uwanjani. Mzee aliita mke wake aje aone. Mke alikuja, akaona, akarudi jikoni kwenye sufuria yake.

Yote aliyoambiwa aliyaona. Aliona aliyekatwa mguu mmoja akikunja miguu iliyobaki na kutulia tuli ili abebeke vizuri. Aliona aliyekatwa miguu mitano akijipinda na kufurukuta, asitulie kwa mbebaji yeyote, mpaka wote wakamwacha. Hawamhukumu kwa ukatili. Yeye mwenyewe kwa kutotulia kwake hujiondoa katika orodha ya wanaookolewa. Mzee alikumbuka siku za ajali, dawa zilipokuwa kidogo na majeruhi wengi, ambapo ilimpasa kuchagua nani aanze kufungwa na nani angojee. Tofauti ni kwamba chungu hana usingizi wa kukatika usiku kwa ajili ya yule aliyeachwa. Mzee anao mpaka leo.

Aliona pia jambo lililomchekesha. Majeruhi akiwa peke yake hukaza mwendo kurudi nyumbani. Lakini akiwa karibu na wenzake hulegea, huchechemea, huanguka. Watafiti wa Comoé nao waliliona. Mzee alikumbuka wagonjwa waliotembea vizuri kutoka barabarani mpaka kwenye mwembe wa zahanati, na chini ya mwembe, walipoliona koti jeupe, mguu ukaanza kuwauma upya. Hakuwalaumu wakati ule, na hakuwalaumu chungu. Kuonyesha maumivu mbele ya awezaye kusaidia si uongo, ni lugha.

Hapa yafaa kusema kwa tahadhari. Ni rahisi kuwapamba sungusungu kwa fadhila za watu, na wako wahubiri ambao wangefanya hivyo kabla ya kumaliza kusoma. Sungusungu hamwokoi mgonjwa kwa huruma ijulikanayo. Watoto wanaozaliwa katika kundi lao kwa siku ni wachache, na chungu mwenye miguu mitano bado huwinda vema; kwa hiyo kundi linalookoa majeruhi hushinda lisilookoa. Na mchwa, ambao huuawa mara kadhaa kila siku, hawana cha kusifu katika umoja wa adui zao. Mzee aliyajua hayo, maana alikuwa mtu wa vidonda na si mtu wa nyimbo. Hata hivyo aliona kuwa kazi iliyofanywa vizuri ni kazi iliyofanywa vizuri, na jeraha lililosafishwa ni jeraha lililosafishwa, mwoshaji akiwa na moyo au akiwa na tezi.

Mwanzoni mwa mwaka 2025 alikuja mgeni. Alikuwa amesikia habari za sanduku. Alizungumza kwa upole, na hakuonyesha kibali chochote. Alisema kuwa ng'ambo wako watu wanaofuga chungu kama wengine wanavyofuga samaki wa rangi, na kwamba aina hii ni adimu mno mikononi mwao. Alitaka malkia na vibarua 20 katika vichupa, na fedha aliyoitaja ilitosha kuezeka upya nyumba ya mzee kwa bati.

Mzee hakukataa papo hapo, na asiwe na msomaji atakayemdharau kwa hilo. Bati lake lilikuwa na matundu. Mke wake alisema, “Mvua ikinyesha, hao wana sanduku lenye kifuniko. Sisi tuna nini?” Swali hilo lilikuwa la haki. Lakini mzee alijua jambo ambalo mgeni hakulijua au hakulijali. Malkia wa chungu wengi huruka, huchimba tundu peke yake na kuanza ukoo mpya. Malkia wa sungusungu hawezi. Hana mabawa, na ukoo mpya huzaliwa kwa kundi zima kugawanyika mara mbili. Kumtia katika chupa na vibarua 20 ni kumuua kwa safari ndefu, na kundi lililobaki bila ya malkia nalo litakwisha mmoja baada ya mmoja. Biashara ilikuwa moja, vifo viwili. Alimwambia mgeni arudi kwao.

Mwezi wa Mei mwaka huo huo ilisikika habari ya Kenya. Tarehe 7 Mei 2025 mahakama ya Uwanja wa Ndege wa Jomo Kenyatta, Nairobi, iliwahukumu vijana wawili wa Ubelgiji, wenye miaka 19 kila mmoja, waliokutwa na chungu wapatao 5,000 katika vichupa. Hao walikuwa aina nyingine, Messor cephalotes, wakusanyao mbegu. Hukumu ilikuwa faini ya shilingi milioni moja za Kenya kwa kila mtu, au kifungo cha miezi 12, na wengine wawili katika shauri linalofanana walipata adhabu hiyo hiyo. Majirani wa mzee walimpongeza: ona, ulikataa, umeokoka! Wakadhani kuwa hadithi imekwisha.

Kwa mzee ndiyo kwanza ilianza. Usiku ule alifungua daftari ili aandike, na kabla ya kuandika alisoma kurasa za nyuma. Mwezi wa Julai mwaka uliopita aliandika majeruhi wawili kwa siku, watatu, siku nyingine hakuna. Mwezi wa Oktoba walikuwa watano, sita. Mwezi wa Februari walikuwa kumi na zaidi. Hakuhitaji mjukuu wa kumweleza sababu. Alikuwa ameanza kuwachagua mchwa. Vibarua wa mchwa, walio laini, aliwapunguza. Askari wenye taya aliwazidisha, kwa kuwa vita vikali vilileta vidonda vingi, na vidonda ndivyo alivyotaka kuvitazama. Mkono wake ulifanya hivyo kila asubuhi, naye hakupata siku hata moja kuuamuru.

Mtafiti naye huumiza. Mguu wa chungu hukatwa makusudi ili ijulikane kama ataokolewa. Lakini mtafiti ana swali, na swali lina mwisho. Jibu likipatikana, kisu huwekwa chini, na elimu huwa mali ya wote. Mzee hakuwa na swali tena. Alikuwa ameishayaona yote yaliyokwisha kuandikwa, na hakutafuta jambo la kuongeza. Alikuwa akitengeneza vidonda ili afurahie kuviona vikiuguzwa. Mgeni wa vichupa alitaka kuuza sungusungu. Dresa wa miaka 38 alikuwa akiwajeruhi bure. Alijiuliza ni yupi baina yao aliyestahili kufukuzwa uwanjani, na swali hilo halikumpa usingizi.

Mvua za masika zilipokwisha, mwezi wa Juni, yeye na mjukuu wake walibeba masanduku mpaka kwenye kichuguu kitupu, karibu na pale alipowachimba. Walichomoa bomba, wakakaa mbali. Sungusungu huhama mara kwa mara kwa desturi yao, na kuhama hakuwashindi. Mpelelezi alitoka, akaingia katika tundu la kichuguu, akarudi. Kabla ya jua kuchwa safu ilikuwa njiani: wengine wamebeba vifuko vya watoto, wengine wamebeba mayai, na katikati, amezungukwa, malkia akitembea kwa miguu yake mwenyewe. Wenye miguu mitano na minne walikuwamo, na kwa mbali hawakutofautika na wazima.

“Babu, utafuga nini sasa?” msichana aliuliza.

“Kuku,” akajibu. “Nyumba inataka bati.”

Usiku aliandika katika daftari neno moja, “Wamehama,” akapiga mstari chini yake, kama alivyokuwa akipiga mstari chini ya jina la mgonjwa aliyepona. Kisha akaufuta mstari. Hakuwa na hakika kama wao ndio waliokuwa wagonjwa.